Raita saba, diski mia tatu: kisa cha mashine ya kuchoma DVD iliyonunuliwa kwa mtu

Jumatatu moja ya mwaka 2018 dada mmoja wa Mbagala aliingia kwenye kibanda changu Kariakoo akiwa na mfuko wa rambo umejaa DVD. Hata salamu haikukamilika. Aliumwaga mfuko juu ya meza, diski zikasambaa katikati ya bisibisi na madabodi niliyokuwa nimeifungua, akasema: "Kaka fundi, nimepigwa. Nitazamie nimepigwa na nani."

Nilimfahamu. Kazi yake ni kupiga video za harusi, send-off, kipaimara na kwaya, na hadi diski (hard disk) mbili anazohifadhia kazi alizinunua kwangu, zote used. Miaka yote alikuwa akichoma DVD moja moja kwenye laptop, na kwa harusi ya nakala kumi na tano hilo halina shida. Shida ilianza alipopewa oda na kwaya ya kanisani kwao: nakala 300 za albamu ya nyimbo kumi, zitakiwe Jumapili siku ya uzinduzi. Akaulizia mashine inayochoma nyingi kwa mpigo. Winga mmoja akamwambia anajua mzigo kama huo uliko.

Winga, kwa asiyeijua Kariakoo, ni kijana asiye na duka wala bidhaa. Anachokijua ni nani anacho na nani anakitaka, na riziki yake ni cha juu anachokiongeza kwenye bei ya mwenye mali. Ni kazi halali na wengi wanalea familia kwayo. Lakini mengi ya kisa hiki yamejificha hapo katikati anaposimama yeye, kwa hiyo naomba msomaji amkumbuke.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja wa Magomeni aliyekuwa amefunga studio yake. Ni kasha refu jeusi lenye nafasi nane: juu kabisa draivu ya kusomea, chini yake raita saba, yaani draivu za kuchomea, zimepangana kama rafu za kabati. Kwa mbele ina skrini ndogo ya mistari miwili na vitufe vinne. Haitaki kompyuta. Unaweka diski mama juu, diski tupu saba chini, unabonyeza, unasubiri. Dada aliambiwa laki tano, wakavutana, akalipa 450,000.

Na hakununua kibubusa. Hili nataka lieleweke, kwa sababu watu wengi waliosikia kisa hiki walikimbilia kusema angejaribu kwanza. Alijaribu. Alikwenda na video fupi ya dakika nne, akachoma diski saba mbele ya winga, skrini ikaandika OK kwa zote saba, akaziingiza moja moja kwenye deki iliyokuwapo pale. Zote zikacheza, picha safi, sauti safi. Ndipo akatoa pesa. Siwajui mafundi wengi ambao wangefanya zaidi ya hapo, na mimi mwenyewe kwa miaka nilikuwa nauza raita kwa kuweka filamu yoyote ndani yake: ikisoma, naitia kwenye mfuko, nampa mteja.

Usiku wa kuamkia Jumamosi alikesha. Diski 300 kwa raita saba ni mizunguko 43. Alichagua spidi 16, kubwa kuliko zote kwenye menyu, na kila mzunguko ukamchukulia kama dakika saba pamoja na kutoa na kuweka. Saa tano na kidogo. Alfajiri alikuwa na maboksi yamejaa. Jumapili zikauzwa 212. Jumapili hiyo hiyo jioni simu zikaanza kuingia kwa katibu wa kwaya, na kutoka kwa katibu zikaja kwake.

Malalamiko yalifanana ajabu. Wimbo wa kwanza hadi wa sita, hakuna tatizo. Kuanzia wa nane picha inaganda, inakatika vipande kama vigae, sauti inakwama kwenye neno moja. Kuna waliosema wimbo wa kumi haufunguki kabisa. Wengine walinunua DVD hiyo hiyo siku hiyo hiyo na wameitazama mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja.

Mpaka anafika kwangu alikuwa ameshapewa majibu matatu na watu watatu: diski tupu alizonunua ni feki, deki za watu ni mbovu, na kwamba kuna virusi. Virusi nilivitoa kwenye hesabu palepale. La deki mbovu nalo halikusimama, kwa sababu deki haiwezi kuchagua kuharibika kuanzia wimbo wa nane kwenye nyumba thelathini tofauti. La diski feki lilikuwa na uzito, kwa kuwa zile alizonunua zilikuwa za bei ya chini kweli, zisizo na jina la maana. Ila zote 300 zilitoka kwenye kifurushi cha aina moja. Kama tatizo ni diski, kwa nini nyingi zilikuwa nzima?

Hapo ndipo nilipoanza kutazama raita.

Kuna kitu ambacho wengi wanaotumia DVD-R hawakijui: raita inapochoma huacha jina lake ndani ya diski, karibu na katikati, kwenye sehemu ambayo deki haiionyeshi. Programu ya ImgBurn, ambayo ni ya bure, hukisoma. Unaingiza diski, unasubiri sekunde chache, upande wa kulia unaona aina ya raita iliyoichoma. Kwa bahati, ile mashine haikuwa na raita za aina moja. Nne zilikuwa LG zilizokuja nayo, na tatu ziliwahi kubadilishwa na mzee kwa nyakati tofauti: moja Samsung, moja Lite-On, moja Sony. Nikaketi na zile diski zilizorudishwa, kwa wakati huo zilikuwa 34, nikawa nasoma jina, naandika kwa kalamu kwenye jalada, naweka pembeni. Dada alikuwa ameshakaa sasa. Baada ya diski ya kumi alianza kutaja jina kabla sijalisoma. Thelathini na mbili zilikuwa za Samsung na Sony. Mbili zilizobaki zilikuwa na mikwaruzo ya kawaida, mtoto ameichezea.

Kwa hiyo raita mbili katika saba. Lakini raita hizo hizo siku ya majaribio zilichoma vizuri. Hilo ndilo lililonishughulisha zaidi, na jibu lake linamhusu kila anayenunua raita iliyotumika.

DVD huandikwa kutoka ndani kwenda nje. Data huanza kama milimita 24 kutoka katikati na kuishia karibu milimita 58, pembezoni kabisa. Raita ya spidi 16 haichomi kwa spidi 16 tangu mwanzo. Diski inazunguka kwa kasi ile ile, na kwa kuwa duara la ndani ni dogo, pale mwanzoni spidi halisi ni kama 6 tu. Inapanda kadiri inavyoelekea nje, na hiyo 16 inafikiwa mwishoni kabisa. Kadiri spidi inavyopanda, taa ya leza inahitaji nguvu zaidi ili iunguze rangi ya diski kwa muda mfupi zaidi. Leza ikichoka, ya ndani inayaweza, ya nje haiyawezi. Na haisemi, kwa sababu wakati wa kuchoma raita haisomi ilichokiandika. Inamaliza, skrini inaandika OK.

Video ya dakika nne ilijaza duara la ndani tu. Albamu ya nyimbo kumi ilijaza diski karibu yote, GB nne na zaidi katika 4.7. Wimbo wa nane ulianguka pale pale ambapo leza mbili zilizochoka zilianza kushindwa. Yale majaribio yalikuwa ya kweli, hayakughushiwa na mtu. Yalipima tu mahali ambapo ugonjwa haupo. Na kule kusoma filamu nilikokuwa nikikutegemea mimi ni dhaifu zaidi, maana nguvu ya leza ya kusoma ni ndogo mara makumi kuliko ya kuchoma. Raita inaweza kusoma vizuri kwa miaka baada ya kufa kama raita.

Nikataka nilione kwa macho. Nina Lite-On moja ya zamani ambayo siuzi, kwa sababu inaweza kuhesabu makosa yaliyomo kwenye diski na kuyachora kwenye grafu. Kiwango kinachokubalika kwa makosa ya ndani, yale yanayoitwa PI, hayatakiwi kuzidi 280 katika kila fungu la vipande nane. Nikaweka diski iliyochomwa na LG: mstari ulitambaa chini kama nyasi fupi mpaka mwisho. Nikaweka iliyochomwa na Sony. Ulitambaa vilevile mpaka GB 3 na kitu, kisha ukaanza kunyanyuka, ukavuka 280, ukavuka 1,000, halafu programu ikasimama kwa sababu haikuweza kusoma tena. Dada aliutazama ule mlima muda mrefu. Akaniomba nimpigie picha ya skrini kwa simu yake.

Tulipoileta mashine yenyewe nikakuta mengine mawili. Feni ya nyuma ilikuwa haizunguki, imejaa vumbi lililoganda, na raita saba zilizopangana bila hewa zinapikana zenyewe. Usiku ule ule ungekuwa mbaya zaidi kama angechoma nakala 500. Pia nilipima umeme wa pawa saplai. Ikiwa imetulia ilisoma volti 11.9 kwenye waya wa njano. Raita zote saba zilipoanza kuzunguka kwa pamoja ikashuka mpaka 11.3. Kikomo cha chini ni 11.4. Leza iliyochoka halafu inapewa umeme pungufu, hapo tena usitarajie muujiza. Raita nne za LG na ile Lite-On zilivumilia hali hiyo, ambalo kwangu ni jambo la kuzisifu.

Sasa nani alipe?

Nilimwomba winga amlete mzee, na nashukuru wote wawili walikuja bila kusukumana. Tulikaa nje ya kibanda kwenye viti vya plastiki. Dada aliamkia, "Shikamoo baba," mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaomba aione ile picha ya grafu. Aliielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi.

"Hii mashine sikuwahi kuichoma kwa spidi 16," alisema. "Spidi 8 mwisho. Na ile ya chini kabisa na ya tatu kutoka juu zilishaanza kunisumbua, kazi kubwa nilikuwa siziwekei diski. Huyu kijana nilimwambia yote mawili siku anaichukua."

Tukamgeukia winga. Aliinamisha kichwa. "Aliniambia, ni kweli. Niliona ni jambo dogo. Na ningesema, bei ingeshuka."

Halafu mzee akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipanga. "Kwani mwanangu ulilipa ngapi?" Dada akasema laki nne na nusu. Mzee akanyamaza kidogo. Yeye alipokea laki tatu na nusu, na aliiweka bei hiyo kwa makusudi, kwa sababu alihesabu kwamba anauza mashine yenye raita tano nzima.

Hapo picha yote ikakaa sawa. Mzee aliuza raita tano na akasema hivyo. Dada alinunua raita saba. Raita mbili ziliuzwa na winga, ambaye hakuwa nazo.

Nimeona mara nyingi watu wakimlaumu winga kwa cha juu. Mimi siku ile sikuona kosa kwenye laki moja yake. Alitembea, alitafuta, alibeba mashine kutoka Magomeni kwa bodaboda akiwa ameikumbatia. Kosa lake lilikuwa kubeba mali na kuacha maneno yaliyokuja na mali hiyo. Kwenye kifaa kilichotumika, yale maneno ni sehemu ya kifaa. Mashine yenye kauli ya "usizidishe 8, hizi mbili ziache" ni mashine nzuri ya kazi na ingemfaa dada huyu. Mashine hiyo hiyo bila kauli hiyo ni kimeo.

Kuna aliyependekeza twende kisheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Inasema pia mnunuzi akikagua, hawezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Na ukaguzi wa dakika nne usingeweza kufichua ugonjwa wa pembezoni, kwa hiyo hapo dada alisimama vizuri. Lakini lile sharti la ubora wa bidhaa linambana hasa anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, na mzee alikuwa anauza chombo chake cha kazi mara moja tu. Risiti haikuwepo. Muda na nauli za kufuatilia zingemaliza laki mbili kabla ya kufika popote. Tukaamua kulimaliza palepale.

Hesabu ilikwenda hivi. Raita mbili zilizochoma mizunguko 43 zilitoa diski 86 za kutiliwa shaka. Kuzirudia kulihitaji diski tupu mia moja, vifurushi viwili, 45,000. Raita mbili za kubadilisha, used, 20,000 kila moja. Pawa saplai na feni nikazitoa kwangu kwa 25,000. Jumla 110,000. Winga alikubali kutoa 70,000 kutoka kwenye laki yake, na alitoa 50,000 taslimu siku ile. Mzee alitoa 20,000 ingawa mimi niliona hadaiwi. Alisema hawezi kuondoka mikono mitupu wakati mtoto wa watu amekesha. Dada akabeba 20,000 iliyobaki. Mimi sikuchukua pesa ya ufundi, kwa sababu kisa hiki kilinifundisha kazi yangu mwenyewe.

Kabla ya kuifunga mashine nilipitia menyu yake na nikakuta hadi diski ndogo ndani yake bado ina nakala mama za kazi za mzee: harusi za watu, misiba, mahafali, majina ya familia yakiwa wazi kwenye ule mstari wa skrini. Zaidi ya arobaini. Ilikuwa imeuzwa pamoja na vyote hivyo na hakuna aliyewaza. Wakati ule Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa haijatungwa, ila hata bila sheria, msiba wa mtu si kitu cha kuuza pamoja na pawa saplai. Mzee alichagua sita, nikamchomea nakala moja moja kwa raita nzima, kisha nikafuta zilizobaki mbele yake.

Raita mbili mpya za used nilizipima kwa namna ambayo sijaiacha tangu siku hiyo. Nilichoma diski kamili, imejaa mpaka mwisho, kwa spidi 8, nikairudisha kwenye ile Lite-On yangu na kuisoma yote. Moja ya kwanza niliyoitoa kwenye rafu ilifeli kwenye GB 4, nami ningemuuzia mtu kesho yake kwa roho safi kabisa. Nikachukua nyingine. Kila moja inachukua kama dakika ishirini na diski tupu moja, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi mia nne na hamsini, na hiyo gharama naiweka kwenye bei na kumwambia mteja kwa nini ipo. Baadhi huondoka kwenda kwa jirani anayeuza chini ya bei yangu kwa tofauti ya elfu tatu.

Dada alirudia kazi siku ya Alhamisi, spidi 8, dakika kama kumi kwa mzunguko, feni inavuma. Safari hii alitumia pia chaguo la menyu linalolinganisha nakala na diski mama baada ya kuchoma. Linaongeza muda karibu mara mbili, na lilikuwepo kwenye mashine tangu mwanzo. Zile 88 ambazo hazikuuzwa tulizipitisha kwenye ImgBurn kwa jina tu, sekunde chache kila moja, tukatoa 26 za Samsung na Sony bila kulazimika kutazama hata wimbo mmoja.

Jumapili iliyofuata katibu wa kwaya alitangaza baada ya ibada kwamba DVD yoyote inayoganda ibadilishwe bure, alete hata isiyo na jalada. Wakati huo, za Samsung na Sony zilikuwa zimerudi 32 na nyingine 26 tulizikamata wenyewe. Katika zile 86, zilizobaki nje ni 28. Wengine huenda hawatazami mpaka wimbo wa nane. Wengine walishazituma mikoani kwa wazazi. Diski 28 nzuri zimewekwa kwenye boksi la viatu ofisini kwa katibu, juu limeandikwa "kubadilisha", na mara ya mwisho nilipouliza zilikuwa zimetoka tatu.